20 Heller ya Tabora 1916: hii ni 6 juu ya 5, au ni ufa wa kalibu?

Isevya_Rupia

Wakuu, salaam kutoka Tabora. Naomba msaada wa kutambua sarafu nne kabla hazijaingia kwenye daftari la mkusanyo. Sarafu ikishaandikwa jina lisilo lake, jina hilo huhama nayo kwa kila mnunuzi.

Mbili ni 20 Heller za Afrika Mashariki ya Kijerumani, za 1916, zenye herufi T ya Tabora. Moja ni nyekundu iliyokolea, nyingine ina umanjano uliofunikwa na weusi. Kwenye ile nyekundu kuna mstari unaopita tumboni mwa tarakimu 6. Muuzaji anaiita "6 juu ya 5" na bei yake ni mara tatu ya mwenzake. Ya tatu ni sarafu iitwayo pesa, ya ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Tarakimu ya mwisho ya mwaka wa Kiarabu inaonekana kama ٨ iliyogongwa juu ya ٧. Ya nne ni rupia ya 1910 yenye herufi J ya kiwanda cha Hamburg na sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili. Inang'aa kama kioo na imeuzwa kwa jina la prufu, yaani sarafu iliyopigwa kwa namna maalumu kwa kalibu iliyong'arishwa.

Vifaa vilivyopo ni lenzi ya sonara ya mara 10, simu, kalipa, na mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Maswali ni haya: mwaka juu ya mwaka unathibitishwaje bila kubahatisha? Hizi 20 Heller zina aina ngapi, na mtu anaangalia wapi? Na prufu ya kweli inatofautianaje na sarafu iliyosuguliwa tu?

---

Kalibu_na_Nyundo

Mkuu Isevya, lenzi iweke pembeni kwanza. Swali la kuanzia ni hili: je, kalibu iliyopiga sarafu hiyo ingeweza kuwahi kuwa na mwaka mwingine?

"Mwaka juu ya mwaka" hutokea kwenye kalibu, yaani kile chuma kigumu chenye sura iliyogeuzwa kinachogonga kipande tupu. Kalibu iliyochongwa mwaka uliopita inabaki bila kuchakaa, kiwanda hakitaki kuitupa, basi fundi anagonga tarakimu mpya juu ya ile ya zamani. Njia ya pili ilikuja baadaye, mwaka ulipoanza kuwa sehemu ya chuma mama kinachozalisha kalibu. Kalibu moja inakandamizwa mara mbili, kila mara kwa chuma mama cha mwaka tofauti. Dime ya Marekani ya 1942 juu ya 1941 ilipatikana kwa njia hiyo. Kwa vyovyote vile, lazima pawe na mwaka uliotangulia.

Sasa tazama Tabora. Sarafu za T zilipigwa kwenye karakana ya reli mwaka 1916, kwa dharura, kwa sababu vita vilikuwa vimekata njia ya bahari na sarafu kutoka Berlin na Hamburg zilikuwa haziingii tena. Jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na upigaji ukawa umekwisha. Hakuna T ya 1915 wala ya 1917, kwa hiyo hapakuwa na kalibu ya 1915 ya kugongewa 6. Hapo dai la "6 juu ya 5" limeshaanguka, na muuzaji hana hoja ya kuongeza bei.

Mstari upo hata hivyo, nao unastahili jina lake sahihi. Amua kwanza kama umeinuka au umezama. Washa taa moja tu, iwe pembeni na chini, karibu nyuzi 15 kutoka usawa wa sarafu. Tazama kivuli cha herufi ambayo una hakika imeinuka, mfano D ya D.O.A. (Deutsch-Ostafrika). Kivuli cha mstari kikiangukia upande uleule na cha herufi, mstari umeinuka. Kikiangukia upande wa pili, umezama. Usihukumu kwa picha ambayo hujui taa ilikuwa upande gani, kwa sababu jicho hugeuza bonde likawa kilima bila mtu kujua.

Mstari uliozama ni mkwaruzo, umekuja baada ya sarafu kutoka kiwandani. Mstari ulioinuka umetoka kwenye kalibu, na hapo ufuate hadi miisho yake. Ukitoka kwenye 6 ukaendelea uwanjani, ukapinda, ukagusa taji au ukafika ukingoni, huo ni ufa wa kalibu: chuma kilipasuka, madini yakaingia kwenye nyufa. Tarakimu iliyofichwa haitoki nje ya nafasi ya tarakimu. Ina unene wa tarakimu na pembe za tarakimu, na inakatika pale inapopaswa kukatika.

Lipo jambo la tatu linalosahaulika. Kalibu mbili zikigongana pasipo kipande katikati, kila moja huachia mwenzake alama. Ukiona mguu hafifu wa herufi karibu na mwaka, uliogeuzwa kama kwenye kioo, weka picha ya upande wa HELLER, igeuze kushoto-kulia kwenye simu, uilaze juu. Ikilingana na L au E, ni alama ya kugongana.

---

Gongoni_T

Kwa 20 Heller msipoteze nguvu kwenye mwaka. Utajiri wake uko kwenye taji na kwenye herufi mbili za L, na hapo ndipo katalogi zinapogawanya.

Upande wa taji una kalibu za namna mbili: A ina taji kubwa, B ina taji dogo. Upande wa thamani una namna tatu, na zote zinasomwa kwenye ncha ya mguu wa L, ule mguu uliolala chini. Namna A ina ncha iliyojikunja kwenye L ya pili peke yake. Namna B ina ncha zilizochongoka kwenye L zote mbili. Namna C ina ncha zilizojikunja kwenye zote mbili. Unaandika jozi: taji A na thamani B, na kadhalika, halafu unaandika madini, kwa sababu ziko za shaba nyekundu na za shaba ya manjano. Nyekundu ni chache kuliko za manjano.

Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza ni kusoma L moja tu na kukimbilia hitimisho. Mtu anaona mkunjo kwenye L ya pili anaandika C, kumbe ya kwanza imechongoka na sarafu ni A. Soma L ya kwanza, andika. Soma ya pili, andika. Kisha ndiyo utafute herufi ya namna. La pili ni uchakavu. Ncha iliyochongoka ikilika inakuwa butu, lakini haijikunji, na uchafu uliokauka kwenye kona unaweza kuigiza mkunjo. Geuza taa upande wa pili. Mkunjo wa kweli unabaki na umbo lake, uvimbe wa uchafu unabadilika.

Kwa taji, aliye na sarafu moja hana cha kulinganisha, na "kubwa" bila mwenzake halina maana. Piga picha wima kabisa, sentimita 25 hadi 30 juu ya sarafu, ukivuta mara mbili ili lenzi ya simu isipinde ukingo. Kisha kuza au punguza picha yako na picha ya sarafu iliyokwisha kutambuliwa mpaka vipenyo viwe sawa. 20 Heller ina karibu milimita 29, hiyo ndiyo rula yako. Laza moja juu ya nyingine kwa uwazi wa nusu. Taji zisipolingana utaona mara moja.

Mlio na 5 Heller ya 1916 T msiiache. Nayo inagawanyika kwa kitako cha taji: kimoja ni cha duaradufu, kingine kimenyooka.

Uzito wa 20 Heller usiutumie kutofautisha aina. Mabamba yalitengenezwa kwa chochote kilichopatikana, maganda ya risasi na ya mizinga yakiwemo, na unene wake haukuwa mmoja.

---

Mto_Ugalla

Jambo dogo lakini zito: asisugue mtu sarafu hizi kwa ndimu, majivu, ukwaju wala dawa ya kung'arishia shaba. Asidi ya ndimu inakula ncha za L kabla haijamaliza weusi, na ncha hizo ndizo mnazozitafuta. Uchafu wa mafuta unatoka kwa asetoni safi ya dukani kwa wauza kemikali. Iloweke dakika kumi kwenye bilauri ya kioo, itoe, iache ikauke yenyewe. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, inaacha utando. Udongo lowanisha kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri, na uhakikishe chupa si ya asidi. Siku tatu au nne, ukibadilisha maji kila siku. Kama kuna vumbi la kijani linalorudi baada ya kufutwa, itenge na nyingine zote.

---

Isevya_Rupia

Ahsanteni sana. Matokeo haya hapa.

20 Heller nyekundu: mstari umeinuka. Unaanzia ukingoni, unapita kwenye 6 na kuishia kwenye kitako cha taji, ukiwa na matawi mawili madogo. Hakuna umbo la tarakimu. L ya kwanza imechongoka, L ya pili imejikunja. Ile ya manjano ina L zote mbili zilizochongoka. Taji za sarafu hizo mbili zikilazwa moja juu ya nyingine zinalingana.

Shaka iliyobaki ni madini. Ile "ya manjano" ni nyeusi kiasi kwamba inaweza kuwa nyekundu iliyoungua, na ile "nyekundu" inaweza kuwa ya manjano iliyobadilika rangi. Kukwaruza ukingo ili kuona ndani sitaki.

---

Kalibu_na_Nyundo

Basi nyekundu ina thamani A yenye ufa wa kalibu, na nyingine ina thamani B. Ufa uandike kwa kina: unaanzia wapi, unaishia wapi, matawi mangapi. Nyufa hukua. Sarafu nyingine ya kalibu hiyohiyo inaweza kuwa na ufa mfupi zaidi, nyingine ikawa imefika mahali ambapo kipande cha kalibu kimeanguka na kuacha bonge ukingoni. Ukizipanga tatu pamoja unaona kalibu ikifa hatua kwa hatua. Kwa maoni yangu mpangilio huo una thamani kubwa kuliko huo mwaka wa kubuni.

Kulingana kwa taji zako mbili kunathibitisha kwamba ni namna moja, hakusemi kama ni A au B. Hapo bado unahitaji picha ya kulinganishia.

Kuhusu madini, Gongoni_T yuko sahihi kwamba uzito peke yake hausemi kitu. Uzito ukiugawa kwa ujazo unasema. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa mshipi, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Shaba nyekundu inatoa karibu 8.9. Shaba ya manjano inatoa kati ya 8.4 na 8.7, kutegemea zinki iliyomo.

Kinachoharibu kipimo ni mapovu yaliyong'ang'ania kwenye maandishi. Yanaongeza ujazo na kushusha jibu, na nyekundu inaweza kusomeka kama ya manjano. Tia tone moja la sabuni ya maji na uitikise sarafu ndani ya maji kabla ya kusoma. Rudia mara tatu, chukua ya katikati.

---

Ujiji_Pesa

Nijibu zile mbili zilizoachwa.

Pesa ya Kampuni ina miaka miwili kwenye sarafu moja, na hiyo ndiyo kinga yako. Upande wa tai kuna mwaka wa Kikristo, upande wa Kiarabu kuna wa Hijria: 1890 inakwenda na 1307, 1891 na 1308, 1892 na 1309. Saba ya Kiarabu, ٧, na nane, ٨, ni umbo lilelile lililopinduliwa. Anayeshika sarafu kichwa chini anasoma saba kuwa nane. Na kwenye sarafu iliyolika, ambayo tawi la shada limesogea karibu na mwaka, miguu ya tarakimu inaonekana kukutana juu na chini kama X. Geuza uone upande wa tai. Kama panasema 1890, tarakimu ni saba. Kama panasema 1891, ni nane. Ukitaka kuendelea kudai kwamba kuna saba chini ya nane, lazima uonyeshe ncha nne zilizoinuka, na uzikute mahali palepale kwenye sarafu ya pili iliyotoka kwenye kalibu ile. Sarafu moja iliyochakaa haitoshi.

Sasa prufu. Prufu ni namna ya kutengeneza, na sarafu haigeuki prufu kwa kung'aa. Kalibu inang'arishwa, kipande tupu kinang'arishwa, kisha kinapigwa angalau mara mbili kwa nguvu ili madini yajaze kila kona. Berlin (A) na Hamburg (J) zilitoa prufu za sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwa hiyo 1910 J si jambo lisilowezekana. Karakana ya Tabora ilikuwa inapiga fedha ya dharura, na T inayometa kama kioo imesuguliwa au imepakwa.

Kwenye rupia yako angalia sehemu ambazo kitambaa hakifiki: ndani ya sifuri ya 1910, ndani ya tundu la 9, katikati ya herufi zilizobanana. Prufu ina kioo hata humo. Iliyosuguliwa ina kioo uwanjani na ukungu ndani ya matundu. Kisha tazama mahali herufi inapokutana na uwanja. Kwenye prufu kona ni kali kama ya boksi. Kwenye iliyosuguliwa imelainika, na pua, masharubu na sehemu nyingine zilizojitokeza zimepungua ukali kabla ya kitu kingine. Mwisho ni mistari myembamba. Ikiwa imeinuka, ni ya kung'arishia kalibu, nayo hukatika inapofika kwenye herufi. Ikiwa imezama na inapanda juu ya herufi bila kusimama, ni ya kitambaa.

Uzito wa rupia unaaminika, tofauti na wa Tabora: gramu 11.66, fedha ya 917 kwa elfu. Ujazo uupime kwa njia ileile ya bilauri, jibu liwe karibu 10.3.

---

Kalibu_na_Nyundo

Niongeze kitu kwenye prufu, kwa sababu ndiko watu wengi wanakojikwaa wanapotafuta mwaka juu ya mwaka.

Kwa kuwa prufu inapigwa zaidi ya mara moja, sarafu ikisogea hata kidogo kati ya pigo na pigo, maandishi yanatoka mawilimawili. Mtu anaona 9 yenye kivuli anaita mwaka wa chini. Tazama herufi za jirani. Zikiwa zote zina kivuli upande mmoja na kwa kiasi kilekile, sarafu ilisogea. Kwenye sarafu za kawaida kuna tatizo linalofanana. Kalibu inatikisika ikiachia, inakwangua ubavu wa tarakimu na kuacha ngazi bapa, ya chini, inayometa. Ngazi hiyo inaila tarakimu, kwa hiyo tarakimu yenyewe inakuwa nyembamba kuliko kawaida. Tarakimu iliyogongwa juu ya nyingine haipungui. Ya chini inajitokeza kando yake ikiwa na mgongo wa mviringo na ncha zake.

Jambo lingine ni kwamba kung'arisha kalibu ya prufu kunashusha uwanja wake, na mabaki ya tarakimu ya zamani ambayo hayakuzama sana yanafutika kwanza. Kinachobaki ni kilichozama zaidi, au kilichojificha ndani ya matundu na chini ya kofia ya tarakimu mpya. Basi sarafu mbili za kalibu moja zinaweza kutofautiana, moja ikaonyesha mabaki na nyingine isionyeshe. Mfano unaojulikana ni senti tatu ya nikeli ya Marekani, 1887 juu ya 1886, ambayo hukutwa kwenye prufu. Hapo 6 inatafutwa pande zote mbili za mguu wa 7.

Ukitaka kulaza picha ya tarakimu juu ya nyingine, panga picha kwa herufi zilizo jirani na mwaka, kamwe usipange kwa tarakimu zenyewe. Ukipanga kwa tarakimu umeshalazimisha jibu.

---

Isevya_Rupia

Vipimo, kila kimoja kimerudiwa mara tatu:

20 Heller nyekundu, kavu 11.42, maji 1.28, jibu 8.92.
20 Heller ya manjano, kavu 10.86, maji 1.27, jibu 8.55.
Rupia, kavu 11.58, maji 1.12, jibu 10.34.

Pesa ina 1891 upande wa tai. Rupia ina ukungu ndani ya sifuri na ndani ya 9, na mistari imezama, inapita juu ya herufi.

Swali la mwisho. Muuzaji huyohuyo ana rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, ile ya tembo. Anairuhusu ipimwe. Nianzie wapi?

---

Ujiji_Pesa

Pesa yako ni 1308, nane halisi. Rupia ni fedha ya kweli iliyosuguliwa, na upungufu wa gramu 0.08 unaelezeka kwa matumizi na kitambaa. Irudishie jina la rupia ya kawaida ya 1910 J.

---

Gongoni_T

Shaba zako zimejieleza: nyekundu ni nyekundu, ya manjano ni ya manjano. Nitumie picha za wima za upande wa taji, milimita 29 zikiwa kipimo, tumalize A na B.

Kwa rupia 15, anza na mizani. Inapaswa kuwa karibu gramu 7.17, dhahabu ya 750 kwa elfu, iliyotoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu, kwa hiyo za kuigiza ni jambo la kutarajia. Pima ujazo. Dhahabu ya kiwango hicho inatoa karibu 15, na shaba iliyopakwa inabaki kwenye 8 na kitu. Maji yatakayosukumwa hayafiki hata nusu gramu, kwa hiyo kosa la 0.01 kwenye mizani linasogeza jibu kwa 0.3. Usiogope 14.9 wala 15.4, ogopa 12.

Baada ya hapo geuza upande wa tai. Nakshi ya kulia inaishia chini ya herufi ya neno OSTAFRIKA. Kuna namna mbili halali: inaishia chini ya T, au chini ya A ya kwanza ya AFRIKA. Weka rula wima kutoka ncha ya nakshi hadi kwenye herufi, usikadirie kwa jicho. Ikiwa ncha inaangukia mahali pengine, usilipe. Angalia pia vipunje vidogo vilivyoinuka uwanjani na herufi zenye kona za mviringo, dalili za kumiminwa kwenye ukungu. Za Tabora ziligongwa, na hata zilipogongwa hafifu, uwanja wake haukutoka na vipunje vya kumiminwa.

Akikukataza kuizamisha kwenye maji, mwachie sarafu yake.